Ugonjwa wa Jeni Si Ugonjwa wa Ukoo

Tusemezane tena. Mtoto aliyevimba taya kwa Burkitt, saratani ya seli za kinga, hakuirithi kwa mamake. Wanaosema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, siwagombezi sana. Wanaonichosha hapa Kisumu ni wasomi: wamesikia saratani ni ugonjwa wa jeni, basi tayari wanahesabu makaburi ya upande wa mama.

Saratani zote zina jeni zilizoharibika. Zinazotokana na jeni ya kurithi ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100. Nyingine huanza kwa hitilafu ndani ya seli moja, mtu akiwa ameshazaliwa.

Burkitt basi. Seli B, chembe nyeupe ya damu inayotengeneza kingamwili, hukata DNA yake yenyewe kwa kimeng'enya cha AID ili kunoa kingamwili. Ni kazi halali. Malaria ya falsiparamu ikirudi kila mara, AID huzidisha kukata, na mkato mmoja ukaangukia kromosomu ya 8, upande wa MYC, jeni inayoamuru seli igawanyike. Ncha zikiungwa vibaya, MYC hujikuta kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili, ambayo kwenye seli B haizimwi. MYC nayo haizimwi tena. Seli kama hiyo ingejiua, ila virusi vya Epstein-Barr huizuia.

Anayebisha aangalie slaidi ya FISH, kipimo kinachotia jeni rangi kwa proba, yaani vipande vya DNA vinavyong'aa. MYC nzima ni nukta nyekundu na ya kijani zilizoshikana, iliyovunjika, zimeachana. Kwenye slaidi hiyohiyo, seli za mishipa ya damu zilizopita katikati ya uvimbe zina nukta zilizoshikana. Mtoto ni yuleyule! Ingekuwa ya kurithi, zingeachana kote.

Ila msiiamini FISH kijinga. Fomalini ya kuhifadhia nyama ya uvimbe iwe asilimia 10, yenye bafa ya kuzuia asidi, mara kumi ya ujazo wa nyama hiyo, na ikae humo kwa muda wa saa 6 hadi 72. Bila bafa DNA hukatikakatika, ukasoma ukungu. Halafu kwenye Burkitt ya kwetu mkato mara nyingi huwa mbali na MYC, nje ya eneo la proba, nukta zikabaki zimeshikana na mtu akaandika "MYC haijavunjika". Rudia kwa proba ya muungano wa 8 na 14. Hiyo nayo itakosa miungano ya 8 na 2, na ya 8 na 22.

Kinachotushinda ni hiki: virusi hivyo karibu kila mtoto huku anavyo, malaria pia, na wanaopata Burkitt ni wachache mno. Kwa nini huyu, na si nduguye wanayelala naye neti moja? Vitabu hupita hapo haraka.