Kabla ya kufunga dari, hesabu nyaya zilizopita kwenye kila tundu

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Sisi tunaokagua mifumo ya umeme majumbani tunaliunga mkono lengo hilo kwa dhati. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi tunazoingia, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa hapa Mwanza, zilitandazwa nyaya kwa ajili ya taa, televisheni na pasi. Sasa jikoni kuna sufuria ya presha ya umeme, jagi la kuchemshia maji na jiko la sahani mbili, na uani kuna friza ya samaki. Malalamiko yanafanana: soketi inanuka plastiki, ukuta wa jipsamu una joto, waya umebadilika rangi darini. Mara nyingi tukifungua tunakuta kitu kilekile: nyaya za sakiti nyingi (sakiti ni njia moja ya umeme inayotoka kwenye breka yake) zimesukumwa katika tundu moja la ubao, zikafungwa pamoja kwa utepe, kisha tundu likazibwa.

Waya ukibeba umeme hupata joto, na joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Waya ulio peke yake hewani hulitoa. Ukibanwa katikati ya wenzake wenye mzigo, hauna pa kulitolea. Plastiki ya kawaida ya nyaya zetu, PVC, imetengenezwa kuhimili nyuzi joto 70 kwenye shaba. Ikizidi hapo kwa muda mrefu hukakamaa, hupasuka, na mwisho ni shoti.

Kwa hiyo kipo kipunguzo cha lazima cha mkondo ambao waya unaruhusiwa kubeba. Katika majedwali ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 na kile cha Uingereza cha BS 7671, sakiti mbili zilizobanana hubeba asilimia 80 tu ya uwezo wake, tatu 70, nne 65, sita 57, na tisa hubaki na nusu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ndani ya bomba ukiwa sakiti moja hubeba ampea 24. Zikiwa sakiti nne pamoja ni ampea 15.6. Majedwali hayo yanachukulia hewa ya nyuzi 30, na chini ya bati la Mwanza saa saba mchana hali si hiyo. Darini pakifika nyuzi 45, zidisha tena kwa 0.79, unabaki na ampea 12.3. Sufuria ya presha ya wati 1,000 na jagi la wati 2,000 kwa volti 230 huvuta ampea 13. Mpishi amewasha vyombo viwili tu, na tayari amevuka.

Hapa ndipo tunapoambiwa, karibu kila nyumba, kwamba breka haijaruka na kwa hiyo hakuna shida. Ndugu mwananchi, breka haijui waya wako umepita wapi. Breka ya ampea 20 inaweza kubeba ampea 22 kwa zaidi ya saa nzima bila kukata, na kutengenezwa hivyo si kasoro. Ikiwa waya umebaki na uwezo wa ampea 12, breka ya 20 hailindi chochote isipokuwa shoti yenyewe ikitokea. Na kuibadilisha kwa breka ya 32 kwa sababu ile ya 20 ilikuwa inasumbua ni kuondoa hata ulinzi ule mdogo. Hili tumelisema mara nyingi mno.

Si kila waya unaopita huhesabiwa. Sakiti ambayo mzigo wake hauzidi asilimia 30 ya uwezo uliopunguzwa, kama taa za balbu za LED, inaweza kuachwa nje ya hesabu ya zile nyingine. Na nyaya zinazobanana kwa unene wa ubao mmoja tu kisha zikatawanyika hewani hazina hatari ile ya nyaya zilizofungwa fundo moja mita nne. Kinachoharibu ni kuendelea kubanana, na kuziba.

Kuziba kunahitaji maelezo kwa mazingira yetu. Wakazi wa kandokando ya ziwa huziba matundu kwa sababu ya popo darini na wadudu wanaotoka ziwani kwa mawingu. Tunaelewa. Lakini povu la kupuliza huzuia joto. Waya uliozungukwa na kizuia joto pande zote kwa milimita 100 tu hubaki na asilimia 78 ya uwezo wake. Kwa nusu mita au zaidi, hubaki na nusu. Zuia popo kwa wavu kwenye ukingo wa bati, huko nje, na uache tundu la nyaya lipumue.

Mafundi vijana hutuonyesha video za Marekani zinazosema kebo mbili kwa tundu moja hazina tatizo, hata zikizibwa. Ni kweli, kwa kanuni za Marekani. Kule kipunguzo huanza pale kebo zaidi ya mbili zinapopita tundu la mbao lililozibwa kwa povu au kizuia joto, au zinapofungwa pamoja kwa zaidi ya milimita 600. Lakini plastiki ya kebo zao za nyumba za mbao ni ya nyuzi 90, na kipunguzo huhesabiwa kutoka kwenye uwezo wa nyuzi 90. Wana akiba ambayo sisi, kwa PVC ya nyuzi 70, hatuna. Usichukue idadi yao ukaacha waya wao.

Kuhusu kutoboa kwenyewe: mbao za kenchi hazitobolewi. Zimekokotolewa kubeba paa, kwa hiyo pitisha bomba kando yake na ulibane kwa klipu. Kwenye boriti ya kawaida tundu likae katikati ya kimo, kipenyo kisizidi robo ya kimo hicho, na waya uwe angalau milimita 50 kutoka usoni ambako msumari unaweza kuingia. Ubao wa kuta za jipsamu za fremu za biashara hautoshi kutoa nafasi hiyo, hivyo weka bomba la chuma lenye arthi.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza fedha. Kazi ifanywe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ya daraja linalolingana na kazi hiyo. Mwombe akuonyeshe leseni na uangalie tarehe ya mwisho. Kutandaza nyaya bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131. Mwenye leseni anayesaini kazi asiyoifanya anahatarisha leseni yake, na TANESCO wana haki ya kutounganisha mfumo usio salama. Kabla ya kukabidhi, fundi apime ukinzani wa plastiki ya nyaya kwa volti 500; usipungue megaohmu moja. Lakini elewa kwamba kipimo hicho hakionyeshi nyaya zilizobanana. Nyaya zikiwa mpya hufaulu hata zikiwa kumi katika tundu moja. Kubanana huonekana kwa macho, na macho hayapiti jipsamu. Mwite mkaguzi au mkandarasi wako kabla dari haijapigwa, na upige picha ya kila tundu.

Kama dari imeshafungwa, usivunje yote. Fundi afungue penye mkusanyiko, ambao kwa kawaida ni juu ya kibao cha breka, ahesabu sakiti zenye mzigo na akate utepe. Sakiti ya jiko ipewe njia yake, kwa waya wa 4 au 6. Sakiti zitakazoshindikana kutenganishwa, breka zake zishushwe hadi 16 au 10, kulingana na hesabu.