Kutafuta mabomu ya plastiki kwa sauti maana yake nini?

Wengi tunaijua ile mashine ya wategua mabomu inayolia ikipita juu ya chuma, sasa tatizo ni kwamba mabomu mengi ya kutegwa ardhini mwili wake ni plastiki. Chukua M14 ya Marekani, kana upana wa sentimita 5.6 hivi, uzito kama gramu 100, na chuma chake chote ni kipini kidogo cha kulipulia. Ukiipandisha mashine makali ili ikishike hicho kipini, itashika na kila msumari, kila kizibo cha soda, kila kipande cha risasi kilichobaki vitani, na mteguaji hana ujanja, kila mlio inabidi apige magoti achokoe udongo taratibu juani kama vile chini kuna bomu kweli.

Sauti yenyewe haina shida na chuma, inachotafuta ni kitu kinachobonyea. Bomu limeundwa libonyee mtu akikanyaga, si ndio kazi yake, na ndani lina uwazi. Basi unaweka spika juu ya eneo, unapiga besi ya chini, kama hezi 80 mpaka 300, sauti inapenya kwenye vitundu vya hewa vya udongo na ardhi inatetemeka kidogo sana, jicho halioni. Pale juu ya bomu udongo unacheza zaidi, kama ngozi ya ngoma, wakati jiwe ni gumu halibonyei.

Mtetemo huo unapimwa na leza bila kugusa ardhi. Mwanga unaorudi unabadilika frikwensi kulingana na udongo unavyopanda na kushuka, kompyuta inachora ramani, na bomu linajitokeza kama duara. Watafiti James Sabatier na Ning Xiang, wakiwa Chuo Kikuu cha Mississippi, ndo walifanya sana kazi hii. Dimitri Donskoy wa Taasisi ya Teknolojia ya Stevens, Marekani, yeye njia yake ni kupiga milio miwili kwa pamoja, kifuniko cha bomu kinagongana na udongo na kuzaa mlio wa tatu ambao haukupigwa na mtu, jiwe halifanyi hivyo. Hii kwangu ndo akili kubwa kuliko zote.

Na hapana, sauti hailipui bomu. M14 inataka mkandamizo wa kilo 9 na kuendelea, sauti ya spika haifiki hata karibu.

Ila ni ya polepole jamani, leza inapima nukta kwa nukta, nyasi zikiwepo inapiga majani yanayopepea badala ya udongo, na bomu likiwa chini sana mtetemo wake haufiki juu. Ndo maana kwenye maeneo yaliyotegwa mabomu bado utakuta mashine za chuma, mbwa, na wale panya wa shirika la APOPO wanaofundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, ambao wao wananusa kilipuzi chenyewe kwahiyo plastiki haiwasumbui.