Mwaka 1349 juu ya mlango: mambo watu wanayoyakosea kuhusu nyumba yetu ya mafundi Kariakoo

Jamani naomba nianze na hii ya 1349 maana ndo imenifanya nikae chini niandike. Nyumba yetu ya mafundi wa mbao, ambayo tuko kwenye kampeni isibomolewe kupisha ghorofa, ile ya upande wa Gerezani yenye baraza ndefu na bati lililoshika kutu, ina mlango wa kuchonga, na ule ubao wa juu ya mlango una tarakimu nne za Kiarabu zimezungukwa na maua. Mwalimu wa madrasa kazisoma, kasema 1349, kijana mmoja kapiga picha karusha kwenye magrupu, kufika jioni mji mzima unajua Kariakoo kuna nyumba ya mwaka 1349, kongwe kuliko ngome ya Mreno kule Mombasa. Watu wakaanza kutupongeza, mmoja akauliza kiingilio shilingi ngapi.

Ukweli ni kwamba huo ni mwaka wa Hijria. 1349 ya Hijria ni 1930 kuingia 1931 kwa kalenda ya ukutani kwako. Dar yenyewe Sultani Majid ameanza kuijenga miaka ya 1860 pembeni ya kijiji cha Mzizima, na hili jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Sasa nyumba ya 1349 ya Masihi hapa ingekuwa ya nani, ya kenge?

Mi nilijua kusahihisha hili kutatupunguzia watu, na kweli wengine walinuna. Lakini ukienda ofisi za watu na uongo wa miaka mia sita, hata ukweli wako hausikilizwi tena. Halafu hiyo 1930 ina faida yake, nakuja.

La pili, na hili hata wazee wetu wanaliamini: eti nyumba ikishazeeka serikali inailinda yenyewe. Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Likiwa la baada ya hapo, uzee wake haulisaidii, mpaka waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Hebu fikiria Old Boma pale Sokoine Drive, nyumba ya wageni wa Sultani Majid, kuta nene za matumbawe, imejengwa 1866 na 1867. Kwa umri peke yake hata yenyewe imechelewa miaka mitatu minne. Sasa ya kwetu ya 1930 si ndo kitoto kabisa.

Ila sheria hiyohiyo ina kipengele ambacho ukikisoma mara ya kwanza unacheka. Mlango wa mbao au fremu yake, ikiwa imechongwa Afrika kwa mtindo wa asili wa Kiafrika au wa Kiswahili kabla ya mwaka 1940, hicho ni kitu kinacholindwa, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwahiyo kwetu mlango, kwa kuwa ni wa 1930, una kinga na nyumba haina. Unaweza kubomoa ukuta wote ukabaki na mlango umesimama peke yake uwanjani kama goli la chandimu, na huo mlango ndo sheria inaujua.

Na walanguzi wanajua kuliko sisi. Mwaka jana alikuja jamaa na kirikuu, kavaa vizuri, kasalimia vizuri, akasema yeye nyumba haitaki, anataka mlango tu na atatuwekea wa chuma mpya na kufuli lake. Akaupapasa mfaa wa katikati kwa kidole kama mtu anayepima kitambaa. Mzee wetu wa randa, ambaye kaanza kazi humo akiwa kijana wa kufagia maranda, alimuuliza swali moja tu, "unaupeleka wapi?" Jamaa akasema kwa mteja. Mteja wa wapi? Akaanza kuangalia simu. Kirikuu kikaondoka kitupu, lakini ndo siku ile tukajua tuna kazi.

(Nikiwa kwenye mlango hapohapo, ile hadithi ya kwamba njumu za shaba ziliwekwa ili tembo wasisukume mlango, tafadhali tuwaachie wanaotembeza watalii. Huko India ndo inasemwa miba ya namna hiyo ilikuwa ya kuzuia tembo wa vita. Huku kwetu ni pambo, mwenye nyumba anaonyesha kwamba hali yake si mbaya. Tembo gani wa kuvamia nyumba Kariakoo.)

Kuna wanaosema "fundi ni mikono yake, mhamishieni pembezoni huko atachonga tu." Hili linaudhi kwa sababu nusu yake ni kweli. Ufundi unahama, nani asiyejua. Wamakonde wametoka kusini na kwao Msumbiji, wamekuja Dar na patasi zao na leo mtu akitaka kinyago anaambiwa nenda Mwenge. Lakini angalia vizuri kilichofanya Mwenge iwe Mwenge, ni kwamba wamekaa pamoja sehemu moja, mteja anajua pa kuwakuta na mtoto anayejifunza anaona mafundi kumi kwa siku badala ya mmoja. Au mchukue Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora karibu 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hardboard, picha zinauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Akafa 1972, kapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, yaani miaka minne tu ya kazi. Kwa hesabu ya kawaida mtindo ulitakiwa ufe naye. Haukufa, kwa sababu ndugu na wanafunzi wake waliendelea kukaa na kuchora palepale, wakaungana, na 1990 wakawa na ushirika uliosajiliwa. Leo nenda Oysterbay uwaone. Wangetawanyika kila mtu kwao Mbagala na kwao Tegeta baada ya msiba, sijui kama tungekuwa tunaongea habari ya Tingatinga.

Kwetu ni vilevile. Uani kwetu kuna mafundi sita. Mmoja anakereza miguu ya vitanda, mwingine anachonga maua ya milango, wawili ni mbuzi za nazi na vigoda, na hao wawili wengine ukiwauliza wanakwambia "sisi chochote". Anayekereza hana patasi nyembamba, anamwazima wa maua. Wa maua akipata oda ya kitanda anampa anayekereza. Yule mama wa chai mlangoni ndo anayeshika simu zao na anayejua nani anamdai nani. Ukiwapeleka sehemu sita tofauti hujahamisha karakana, umeivunja.

"Nyumba yenyewe ya udongo na mawe, itaanguka tu, mnaokoa nini?" Aisee hili tulilijibu kwa mikono yetu, na tulilijibu kwa makosa kwanza. Ukuta wa nyuma ulikuwa unamung'unyuka, tukachanga, tukaita fundi, akapiga plasta ya simenti safi kabisa inang'aa. Masika ya kwanza ikavimba. Ya pili ikadondoka vipande vipande kama ukoko wa wali, na imebeba na udongo wa ndani. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe na udongo unanyonya maji kutoka chini na kuyatoa taratibu kwa nje, na ndo maana wazee walipaka chokaa, chokaa inapitisha unyevu. Simenti inaziba. Maji na chumvi vinabaki ndani vinatafuta pa kutokea, vikipata vinatoka na ukuta. Zile kuta za mbele ambazo hazijawahi kuguswa na simenti zipo wima zaidi ya miaka tisini. Na vyumba kuwa vyembamba sio ushamba, boriti za mikoko hazina urefu wa kutosha, chumba kinapimwa kwa boriti.

Lile la "mnapinga maendeleo, mnataka makumbusho" nitalipitia haraka maana nimeshalijibu mpaka koo limekauka. Hakuna anayetaka makumbusho. Old Boma ilifanyiwa ukarabati, ndani yake kukawekwa kituo cha urithi wa majengo ya Dar, watu wanaingia wanatoka. Ya kwetu tunataka iendelee kupiga kelele za misumeno kama sasa hivi, full stop.

Sasa hili ndo gumu. Watu wengi kwenye kampeni wanaamini adui ni warithi wa nyumba. Jamani hapana. Babu yao kajenga, baba yao kafa, msimamizi wa mirathi ni mtoto wa tatu, na wako ndugu kadhaa ambao kila mmoja ana ada za shule na kodi yake huko anakoishi. Amekuja tajiri anawaambia nipeni kiwanja niwapandishie ghorofa, chini fremu za maduka, na kila mtu wa Kariakoo anajua fremu ni nini hapa, kodi mtu analipa ya miezi sita au mwaka mzima mkononi na wakati mwingine kilemba, ile pesa ya kupewa nafasi, juu yake. Halafu sisi tunakwenda na nini? Na picha ya mlango na machozi. Nilikuwepo kikao cha kwanza na familia, mwenzetu mmoja akasimama akawaambia "nyie hamjui thamani ya urithi wenu", dada mkubwa akamjibu polepole, "thamani tunaijua mwanangu, wewe kodi ya mafundi ya mwezi uliopita unaijua?" Kimya. Haikuwa imelipwa.

Mi tangu siku ile nimebadilika. Ninavyoona, hii nyumba haitaokolewa na uzee wake wala uzuri wake, itaokolewa na kodi inayotoka ndani yake. Kwahiyo tumeanza hapo: mafundi wanalipa kwa mwezi kupitia kwa mama wa chai, anaandika kwenye daftari, vyumba viwili vya mbele vinavyoangalia barabara tumependekeza viwe sehemu ya kuuzia kazi zao wenyewe, kwa kodi ya juu kidogo kuliko ya uani. Haitafikia ghorofa, tusidanganyane. Lakini msimamizi wa mirathi sasa anapokea simu zetu, zamani alikuwa hapokei.

Mwisho kabisa ni hizi sahihi tunazokusanya za kuitetea nyumba. Kila mtu ananiuliza "tumefikisha sahihi ngapi?" kama vile ni kura. Sahihi zinasaidia kuonyesha watu wapo, sawa, lakini ofisini wanaulizia karatasi nyingine kabisa. Tulifanya mkutano wa mtaa, watu wakabishana mpaka magharibi, na kilichotufaa kuliko makofi yote ni muhtasari wa kurasa mbili wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Huo ndo tumeambatanisha na barua tulizopeleka halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale, pamoja na picha za mlango zilizopigwa na futi ya fundi pembeni ili vipimo vionekane, na tafsiri ya ile 1349 imesainiwa na mwalimu wa madrasa. Na kabla hata ya hapo tuliiomba familia ridhaa ya maandishi ya kupiga hizo picha, maana nyumba ni yao. Kama una picha ya zamani ya mtaa huu ambayo baraza letu linaonekana, hata ya harusi, hata bibi harusi kaziba nusu ya mlango, tunaihitaji sana, ipige vizuri utuletee na useme ni ya mwaka gani kama unakumbuka.

Majibu ya barua bado. Jumamosi tunabandua simenti iliyobaki ukuta wa nyuma na kuanza kupiga chokaa, familia imekubali. Mwenye beleshi aje nalo, mwenye ndoo aje nayo, chokaa tumeshailoweka kwenye pipa tangu wiki iliyopita na watoto wasisogee pale maana inaunguza. Chai ipo.