Je, wajua kwa nini sanduku la pikipiki hufia kwenye shingo?

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nini tena?"

Nilikuwa mbele ya kibanda cha kuchomelea pale Gerezani, Dar es Salaam, nimekumbatia sanduku la aluminiamu ambalo siku tatu kabla lilichomoka upande wa kushoto wa pikipiki yangu na kuishia mtaroni, kwenye barabara ya vumbi itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Mzee hakutazama kona zake, wala hakugonga ukuta wake kwa vidole kama nilivyofanya mimi siku ya kulinunua. Alilipindua kifudifudi, akapitisha kucha kwenye matundu manne ya bolti yaliyo mgongoni. Mawili yalikuwa yamechanika kama masikio ya mbuzi aliyekwama kwenye seng'enge.

"Sanduku lako zima kabisa," akasema. "Limefia kwenye shingo, hapa linaposhikwa na keria."

Wengi wetu tukitafuta sanduku gumu la safari ndefu huuliza bati lake lina unene gani, kufuli lake likoje, maji yanaingia au hayaingii. Maswali halali hayo. Ila ukizungumza na waliotoka Dar mpaka Tunduma na kurudi kwa njia za vumbi, utasikia habari moja ikijirudia: ukuta wa sanduku ulibaki mzima, kilichokatika ni kishikio, au keria, au tundu la bolti. Kwa nini pigo lote likimbilie hapo?

Anza na hesabu ya barabara. Barabara ya vumbi iliyopitwa na magari mengi hujikunja mistari kama bati la paa. Tuseme kuna tuta dogo kila baada ya sentimita 70, nawe unakwenda kilomita 60 kwa saa. Ndani ya saa moja gurudumu la nyuma limepigwa mara 85,000 na ushee. Shokomzoba zinameza sehemu ya kipigo hicho, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya gurudumu na anayempanda farasi huyu wa chuma, si kwa boksi linaloning'inia ubavuni. Kinachobaki kinapanda kwenye fremu, kinaingia kwenye keria, kinafika kwenye sanduku. Na sanduku, kwa kuwa lina uzito, halipendi kusukwasukwa: keria inapanda, lenyewe linataka kubaki chini, keria inashuka, lenyewe bado linapanda. Ugomvi huo wote unaamuliwa kwenye bolti nne.

Hapo tundu lenyewe linakuwa adui. Bati lililotobolewa likivutwa, nguvu haigawanyiki sawasawa. Inabanana ukingoni mwa tundu kama watu wanavyobanana mlango wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Wahandisi walishapiga hesabu zamani: ukingoni mwa tundu la mviringo kwenye bati pana, mkazo unafika mara tatu ya ule ulio mbali nalo. Tundu likiwa na pembe kali, au likiwa limetobolewa kwa msumari likabaki na meno, hali ni mbaya zaidi. Mpasuko unaanza mdogo kuliko unywele. Kila kishindo kinaurefusha kidogo, na siku unapouona kwa macho umeshachelewa.

Ugonjwa huu unaitwa uchovu wa metali, na dunia ilifundishwa kuuheshimu kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ilianza safari ya kwanza ya jeti yenye abiria wa kulipa, kutoka London hadi Johannesburg, na njiani ilitua hapa jirani, Entebbe. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, watu wote 35 wakafa. Miezi mitatu baadaye Comet nyingine ikaanguka. Wachunguzi wa Uingereza walichukua mwili wa ndege ya aina hiyo, wakauzamisha kwenye tangi la maji, wakawa wanaujaza shinikizo na kulitoa, wanalijaza na kulitoa, mpaka ukachanika. Mpasuko ulianzia kwenye kona ya uwazi, karibu na matundu ya ribiti. Mwili wa Comet ulikuwa wa aloi ya aluminiamu, ndugu wa damu wa boksi langu.

Undugu huo una maana. Chuma cha pua na chuma cha kawaida vina kauli tofauti na aluminiamu mbele ya mtetemo. Chuma cha kawaida kikitikiswa chini ya kiwango fulani cha nguvu, kinaweza kuvumilia mitikisiko isiyohesabika. Aluminiamu haina kiwango cha usalama cha namna hiyo: hata mitikisiko midogo inaandikwa kwenye daftari, na deni litadaiwa tu. Ndiyo maana mpangilio uliozoeleka ni keria ya bomba la chuma na sanduku la aluminiamu. Keria ndiyo inayopokea kipigo, basi iwe ya kitu kinachovumilia.

Kwa nini basi tusitengeneze kila kitu kwa chuma? Nilimuuliza mzee swali hilo, akacheka, akanionyesha tranka la bati la mwanafunzi wa bweni. Piga hesabu ya sanduku la sentimita 45 kwa 40 kwa 25, yaani lita 45, kwa bati la milimita 1.5. Kwa aluminiamu, bati peke yake linakuja kilo 3 na kidogo. Kwa chuma, kilo 9. Watengenezaji wengi wa masanduku haya huweka kikomo cha takriban kilo 10 za mzigo kila upande. Ukienda na boksi la chuma utakuwa umebeba boksi, na soksi mbili.

Uzuri mwingine wa keria ya chuma unauona ikikatika. Kijiji chochote chenye umeme au jenereta kina mtu wa kuchomelea kwa stiki. Keria ikikatika Ruaha Mbuyuni, saa moja tu umeshaondoka. Aluminiamu ina kiburi. Juu yake kuna utando mwembamba wa oksaidi unaoyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 2,000, ilhali metali iliyo chini yake inayeyuka kwenye 660. Fundi anachoma, anachoma, ngozi haitaki, na ghafla nyama yote ya ndani inadondoka na kuacha tundu la kupitisha ngumi. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, vitu ambavyo Dar unavipata na Mlimba huvipati. Kwa hiyo mimi siku hizi napendelea sanduku la kukunja na kupiga ribiti kuliko la kuchomelea kona zote. Ribiti ikitoka, unaitoboa na kuweka nyingine kwa koleo la mkono. Si la kupendeza sana, nakubali.

Mzee hakuchomelea boksi langu. Alikata kipande cha bati la chuma ukubwa wa daftari, akalikwangua kingo, akaliweka kwa ndani kama kiraka, akatoboa matundu mapya mbali na yale yaliyochanika, kisha akaweka washa pana pande zote. Badala ya nguvu kubanana kwenye duara la bolti, ikasambaa kwenye kiraka kizima. Halafu akafanya jambo lililonifurahisha: alikata tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikaza katikati ya keria na sanduku kila mahali vinapogusana. Raba hugeuza sehemu ya mtetemo kuwa joto kidogo, na huziba ile nafasi inayoruhusu boksi kucheza. Boksi linalocheza milimita mbili ni nyundo.

Vijana wa bodaboda wanalijua hili bila somo la fizikia. Tazama wanavyofunga kreti za soda au magunia ya mkaa: vipande vya tyubu vimevutwa hadi vinalia, hakuna bolti hata moja. Mzigo unatoka Kariakoo hadi Mbagala unapumua pamoja na pikipiki. Kuna wakati nadhani sisi wa masanduku ya bei mbaya ndio tunaopaswa kwenda kujifunza kijiweni.

Kuhusu plastiki nitasema machache. Nzuri yake ni kwamba ikiangukia ubavu hujikunja na kurudi, wakati aluminiamu inabonyea (ingawa aluminiamu iliyobonyea unaweza kuinyoosha kwa nyundo ya mbao na gogo). Ubaya wake ni jua. Miale ya urujuanimno huvunja minyororo ya plastiki polepole, na boksi lililoegeshwa Sinza miaka kadhaa bila kivuli siku moja linapasuka kama kibuyu. Ukichukua la plastiki, chukua jeusi: masizi yanayotiwa ndani yake huzuia miale, ndiyo sababu matangi ya maji juu ya paa zetu mengi ni meusi.

Sisi wa pwani tuna balaa jingine. Bolti ya chuma cha pua ikigusana na aluminiamu, na katikati kukawa na unyevu wa chumvi, unapata betri ndogo, na anayeliwa kwenye betri hiyo ni aluminiamu. Utauona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, hasa kwa anayepanda kivuko cha Kigamboni kila siku. Unga huo ni dalili kwamba aluminiamu inaliwa palepale kwenye shingo. Grisi kidogo na washa ya plastiki chini ya bolti vinatosha kuvunja mzunguko, pamoja na kuosha kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka ufukweni.

Sasa kisa cha kifuniko, maana sitamaliza bila kukisema. Kuna maboksi yanayoziba kweli, ya raba nene kuzunguka mdomo. Ukilifunga boksi la namna hiyo Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, unafungia ndani hewa nyepesi ya kule. Ukishuka nalo Dar, hewa ya huku ni nzito zaidi na inakandamiza kifuniko kutoka nje. Kwa kifuniko cha sentimita 45 kwa 25, hata ukihesabu kwamba joto la Dar linaivimbisha kidogo hewa ya ndani, mkandamizo unazidi kilo 150. Ni gunia moja na nusu la mahindi limekalia chakula chako. Mtu atadhani komeo limeharibika, achukue bisibisi, aanze kuharibu raba. Maboksi yaliyotengenezwa kwa akili yana kivalvu kidogo cha kusawazisha hewa. Ukikifungua unasikia sss, kifuniko kinaachia chenyewe. Ukinunua linaloziba hivyo, kitafute kivalvu hicho kwanza kabla hujalipa. Masanduku ya kawaida ya aluminiamu hayana shida hii kwa sababu hewa inapenya taratibu, na masika maji nayo hujaribu kupenya, kwa hiyo nguo zangu huwa ndani ya mfuko wa turubai.

Mfuko huo una kazi nyingine. Ukiweka shati jeupe moja kwa moja ndani ya boksi la aluminiamu lisilopakwa rangi, ukifika Iringa litakuwa na madoa ya kijivu kama umeligusisha kwenye sufuria. Vitu vinasugua ukuta, utando wa juu unabanduka, unga wake unageuka rangi ya risasi. Haliathiri safari hata kidogo. Linaathiri tu ukienda msibani.

Na kuna jambo moja ambalo hata boksi imara kuliko yote haliwezi kukusaidia, bali linaongeza hatari. Kwenye mchanga au tope mtu hushusha mguu ili asianguke. Mguu unakwama, pikipiki inasonga mbele, na kona ya sanduku inaukuta muundi kwa nyuma. Watu wamevunjika miguu hivyo. Ndiyo maana wanaopita njia za mchanga mtupu huchagua mikoba laini ya turubai na kukubali kwamba haifungiki kwa kufuli la maana. Mimi natumia gumu kwa sababu nalala gesti na kuacha pikipiki uani, na ninaogopa wezi kuliko mchanga. Ila nimelisogeza mbele kadiri mguu wa abiria unavyoruhusu, na chini, maana mzigo uliorudi nyuma ya ekseli unaliinua gurudumu la mbele likaanza kuyumba. Na upana wake hauzidi usukani, ili nikipenya foleni ya Ubungo nijue kwamba penye kupita mikono patapita na boksi.

Siku niliyokwenda kuchukua sanduku, mzee alikuwa ameshalifunga. Kwenye kila nati alikuwa amechora kamstari kekundu kanakotoka kwenye nati hadi kwenye washa. Nikamuuliza ni rangi gani.

"Ya kucha. Ya binti yangu. Ukisimama Chalinze kunywa chai, chungulia. Mstari ukikatika, nati imezunguka."

Nilisimama Chalinze. Mitatu ilikuwa imenyooka, wa nne umekatika.