Hewa ya Juu Haina Miadi na Hewa ya Chini

Jumamosi mpwa wangu wa kidato cha nne kaja na daftari. "Mjomba, hewa ya juu ya bawa la ndege hukimbia kwa sababu njia yake ni ndefu, na lazima ifike nyuma pamoja na ya chini." Lazima, kwa amri ya nani? Zimepeana miadi Soko la Kilombero?

Tupige hesabu. Cessna Grand Caravan, hizi zinazoruka hapa uwanja wa Kisongo, Arusha, kwenda Serengeti, ikijaa ina kilo kama 3,970, na bawa lake ni mita za mraba 26. Tuseme mgongo wa bawa umezidi tumbo kwa urefu asilimia 3, na ndege inakimbia kilomita 140 kwa saa. Kwa nadharia ya miadi, bawa litabeba kilo 130 hivi: gunia la mahindi na debe moja na nusu. Rubani abaki chini.

Hewa ya juu kweli ina kasi, na mgandamizo wake ni mdogo, Bernoulli, aliyesema kasi ikipanda mgandamizo hushuka, hajakosea. Ila ukipitisha moshi kwenye handaki la upepo, lile la kupimia mabawa, utaona ya juu inatangulia kufika nyuma, haimsubiri mtu. Hata ubao bapa ukiuinamisha unanyanyuka, na ndege za maonyesho huruka kichwa chini. Bawa linaupinda mkondo wa hewa, hasa ule wa mgongoni, na kuutupa chini. Hewa nayo inalisukuma juu, ndiyo kanuni ya Newton: ukisukuma, unasukumwa. Newton na Bernoulli wanasema jambo moja, msiwagombanishe. Wala si maajabu: tofauti ya mgandamizo inayoibeba Caravan nzima haifiki asilimia 2 ya mgandamizo wa hewa ya hapa Kisongo.

Inua pua mno, nyuzi 15 hivi, hewa inabanduka mgongoni na bawa linazira, injini ingurume itakavyo.

Kijana akauliza, "Sasa kasi ndiyo inapunguza mgandamizo, au mgandamizo mdogo ndio unaivuta hewa?" Nikakohoa. Vinazaliwa pamoja, ukitaka kitangulizi utazunguka mpaka kesho. Na kwa nini hewa haijipindi kwenye ukingo wa nyuma uliochongoka? Huwa nasema ni mnato, ule unato wa hewa yenyewe, na hesabu zinakubali, lakini sentensi moja ya kumridhisha mtu sijaipata kwa miaka yote hii.

Akaandika "mnato" pembeni kwa penseli. Ile ya miadi hakuifuta. Mtihani, Mjomba, anasahihisha mwalimu.