Msongamano wa mbuzi maana yake nini

Juma lililopita nilisimama Busia, upande wa Uganda, kando ya lori la mbuzi. Walikuwa wamefungwa wawili wawili kwa kamba ya katani, kila mmoja na mstari wa rangi nyekundu mgongoni. Mchuuzi mmoja akasema, "Mbuzi wako Kenya. Huku kwetu msongamano wa mbuzi ni mdogo sana." Wenzake wakaitikia. Kauli hiyo nimeshaisikia redioni, nimeisikia kwa mwalimu, na sasa naisikia kwa mtu ambaye mbuzi ndio riziki yake. Imetosha.

Idadi ni hesabu ya vichwa. Msongamano ni idadi hiyo ukiigawanya kwa eneo: mbuzi wangapi katika kila kilomita ya mraba. Maana yenyewe haizidi hapo.

Idadi tumeipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wa kuhesabu. Mzizi huohuo ndio uliotupa eda, zile siku ambazo mjane wa Kiislamu huzihesabu kabla ya kuolewa tena. Neno hili linahesabu tu, halijali kama vinavyohesabiwa viko chumbani au vimetawanyika nyikani. Msongamano ni wa Kibantu. Shina lake ni songa, yaani kubana, kama mtu anavyosonga posho kwa mwiko mpaka unga ushikane. Songa ikazaa songamana, tukapata msongamano. Na vitu haviwezi kusongamana bila mahali pa kusongamania. Ukiondoa mahali, neno limekufa.

Nadhani kosa linatoka barabarani. Tumezoea msongamano wa magari pale Kampala, tunaona magari mengi, basi tunadhani msongamano ni jina la heshima la wingi. Sivyo. Magari yaleyale ukiyamwaga kwenye uwanda mpana, idadi haipungui hata gari moja, lakini msongamano umekwisha. Na wingi nao ni neno la kuangalia: linasema vingi, halisemi vingi kwa kipimo gani.

Sasa turudi kwa mbuzi. Sensa ya mifugo ya Uganda ya 2008 ilipata mbuzi milioni 12.5 hivi. Sensa ya Kenya ya 2009 ilipata milioni 27.7. Nimechukua miaka hiyo kwa sababu inakaribiana. Kulinganisha sensa ya zamani ya nchi moja na mpya ya nyingine ni kosa jingine kabisa. Kwa idadi, Kenya inatuzidi zaidi ya maradufu. Lakini Uganda ina kilomita za mraba 241,000 hivi, Kenya 580,000. Gawanya: Uganda inatoka na mbuzi 52 kwa kilomita ya mraba, Kenya 48. Hapo maziwa yote yamo kwenye hesabu, na sisi ndio wenye sehemu kubwa zaidi ya maji kwa ukubwa wa nchi. Ukitoa maji, tunawaacha mbali zaidi. Kwa anayejua vijiji vyetu si ajabu: mbuzi wawili watatu kila boma, wamefungwa kamba kando ya migomba, nyumba hadi nyumba. Kenya ina makundi makubwa kule Turkana na Marsabit, lakini nyika yenyewe haina mwisho.

Kondoo ni habari nyingine. Uganda ilihesabu milioni 3.4, Kenya milioni 17.1. Hiyo ni 14 kwa kilomita ya mraba kwetu, na zaidi ya 29 kwao. Tena karibu nusu ya kondoo wa Uganda walikuwa Karamoja peke yake, kwa hiyo hata hiyo 14 ni wastani tu. Mtu wa Masaka asiitafute shambani kwake.

Nilimwambia yule mchuuzi, "Ndugu yangu, sema Kenya wametuzidi idadi, nitakuunga mkono. Msongamano wa mbuzi, sisi ndio tumewazidi." Akalitazama lori kidogo, kisha akauliza, "Na kondoo je?"

Kwenye kondoo, nikamwambia, neno lako liache kama lilivyo.