Je, wajua kwa nini mkulima huchuma vanila kabla haijakomaa?

Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Msimu wa maua ukifika huku Kasese, magharibi mwa Uganda, shangazi yangu huamkia shambani na kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno. Hulifungua ua, huinua kile kiutando kinachotenga upande wa kiume na wa kike, kisha huzibana pande hizo kwa kidole gumba. Mmea huu asili yake ni Mexico, na huku kwetu kila ganda huwa limetungishwa hivyo, kwa mkono wa mtu, ua baada ya ua. Baada ya hapo ni kungoja, kama miezi tisa.

Lakini miezi saba tu ikitimia, anaanza kuchuma. Anajua kabisa kwamba ganda changa lina vanilini kidogo, yaani ile harufu inayolipiwa, na kwamba likikaushwa hunyong'onyea na huota ukungu upesi. Anajua pia kwamba mnunuzi atampunja. Anachuma tu.

Wapo wanaosema wakulima hawana subira. Maneno hayo huniuma, maana mtu anayeweza kuchavusha maua mia moja kabla ya kunywa chai hakosi subira.

Hata hivyo, kuna kitu cha kweli ndani yake, na kinatuhusu sote. Thamani ya kitu hupungua machoni petu kadiri siku yake inavyokuwa mbali, tena haipungui kwa mwendo mmoja. Mwaka 1981 mwanauchumi wa Marekani, Richard Thaler, aliwauliza watu: ungeweza kupewa dola 15 sasa hivi, ukiambiwa ungoje, utataka ngapi? Jibu la katikati lilikuwa dola 20 kwa kungoja mwezi, 50 kwa mwaka, na 100 kwa miaka 10. Ukiigeuza kuwa riba, kwa ule mwezi mmoja walidai zaidi ya asilimia 300 kwa mwaka, lakini kwa miaka 10 waliridhika na asilimia 19 hivi. Kinachouma hasa ni kuachia cha leo.

Jipime. Shilingi 50,000 leo, au 60,000 baada ya mwezi? Wengi watashika za leo. Sasa je, 50,000 baada ya mwaka mmoja, au 60,000 baada ya mwaka na mwezi? Hapo mwenye haraka ni nadra, ingawa tofauti ni mwezi ule ule. Siku ya kupokea ikisogea karibu ndipo moyo unapogeuka. Ndivyo pesa ya kahawa iliyoapiwa kuwa karo inavyoishia sokoni siku ile ile ilipolipwa.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini subira ni tabia ya mtu, unayo au huna. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na majaribio ya Walter Mischel huko Stanford, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960: mtoto wa chekechea anawekewa kitu kitamu, na akingoja mtu mzima arudi anapata viwili. Waliongoja walionekana kufanikiwa zaidi baadaye. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilifuatilia jambo hilo kwa watoto wengi zaidi, na mara walipozingatia hali ya nyumbani kwa mtoto, tofauti hiyo ilipungua sana.

Jaribio lililonifumbua macho ni la Celeste Kidd na wenzake, Chuo Kikuu cha Rochester, lililochapishwa mwaka 2013. Kabla ya utamu wowote, watoto 28 walipewa rangi chakavu za kuchorea na kuambiwa: subirini, naenda kuwaletea nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi. Ikafanyika hivyo tena kwa stika. Ndipo wakapewa lile jaribio la Mischel. Waliotimiziwa ahadi walingoja dakika 12 kwa wastani, waliovunjiwa wakangoja 3. Kati ya watoto 14 waliotimiziwa, 9 walifika mwisho wa dakika 15. Kwa wale wengine, mmoja tu.

Watoto hao walikuwa wakipiga hesabu: huyu ataleta kweli?

Shangazi naye anapiga hiyo hiyo. Mwizi wa vanila huja usiku mmoja tu na kuondoka na kazi ya miezi tisa. Nilimwuliza mwaka jana kwa nini asivumilie, akanijibu, "Mwanangu, ikiwa shambani bado si yangu." Wizara ya Kilimo hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna ili maganda machanga yasiingie sokoni, na naiunga mkono. Lakini tarehe peke yake hailindi shamba. Tumelelewa na "subira yavuta heri", na tumelelewa vilevile na "moja shika si kumi nenda uje". Mkulima anayelala shambani na tochi anazihitaji zote mbili.

Ajabu ni kwamba shangazi huyo huyo hungoja mwaka mzima kwenye kikundi cha akiba. Vikundi vya namna hii vilianza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na sasa vimeenea Uganda. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu, ambao hakuna hata mmoja anayelala na sanduku. Kila wiki pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na jumla inakaririwa ili kila mtu aondoke nayo kichwani. Wiki inayofuata, kabla ya kufuli kufunguliwa, mwenyekiti huuliza tulifunga na ngapi, na shangazi huwa wa kwanza kujibu.